Mwanzilishi Akipatwa na Kashfa, Shirika Lisimwekee Dhamana

Mwandishi wa habari anayepiga simu kuuliza juu ya mwanzilishi wa shirika la hisani mara nyingi hatafuti habari. Habari anayo tayari. Anapiga kwa sababu kazi yake inamtaka ampe mtuhumiwa nafasi ya kujibu, na saa ya mwisho ya kupokea jibu ameshaipanga. Ndani ya saa hizo chache mtu fulani ofisini, tena mwenye nia njema, huandika sentensi ambayo shirika litaishi nayo miaka: “Bodi ina imani kamili na mwanzilishi wetu.”

Hiyo ni dhamana. Ni kwenda kumtoa mtu mahabusu kwa hati ya nyumba isiyo yako. Imani ya wachangiaji si mali ya bodi wala ya mwanzilishi. Bodi imekabidhiwa tu. Tuhuma zikiwa za uongo, sentensi ile haikuongeza kitu, kwani ushahidi ungemsafisha hata mngenyamaza. Zikiwa za kweli, sasa kuna makosa mawili: la mtu mmoja, na la shirika zima lililosimama mbele ya watu likashuhudia jambo ambalo halikulichunguza. Kwa maoni yangu hilo la pili ndilo linalofukuza wachangiaji wengi zaidi.

Kwa hiyo shirika lisimtetee na lisimhukumu. Ajitetee mwenyewe, kwa wakili wake, kwa pesa zake, kwa kinywa chake. Shirika lina kazi nyingine, na si ndogo.

Funguo kabla ya taarifa

Jambo moja linatangulia yote: kama tuhuma zinahusu mtoto au mtu yeyote aliyeumizwa, mhusika atenganishwe na wanaohudumiwa siku hiyo hiyo, na polisi au mamlaka ya ustawi wa jamii waarifiwe. Hilo halisubiri kikao.

Baada ya hapo, jueni nani ameshika nini. Shirika lililoanzishwa na mtu mmoja huwa na vitu vingi vilivyosajiliwa kwa jina lake tangu siku za mwanzo, kwa kuwa hapakuwa na mwingine, na hakuna aliyekumbuka kuvihamisha. Ukurasa wenye wafuasi wote mtandaoni ulifunguliwa kwa akaunti yake. Anwani ya tovuti inalipiwa kila mwaka kwa kadi yake, na kikumbusho cha malipo kinaingia kwenye barua pepe yake binafsi. Simu inayopokea namba ya siri ya kuingilia akaunti ya benki iko mfukoni mwake. Nimalizie na lile linalosahaulika kabisa: huenda hata nembo ya shirika imesajiliwa kwa jina lake.

Benki ina mtego wake. Wajumbe hudhani kumwondoa mtia saini ni kuandika barua tu. Benki inaweza kutaka azimio la bodi, nakala ya kumbukumbu za kikao iliyothibitishwa na katibu, fomu mpya ya watia saini, na wakati mwingine saini za watia saini wa zamani, akiwemo huyo huyo mnayemwondoa. Akaunti ikiwa na watia saini wawili na saini zote mbili zikihitajika, kumtoa mmoja bila kuingiza mwingine ni kuifunga akaunti. Mishahara inakwama, na ndani ya wiki mbili habari ya pili inazaliwa juu ya ile ya kwanza. Kwa hiyo ingizeni mtia saini wa tatu kwanza, kisha mtoeni wa zamani, na maombi yote mawili yapelekwe siku moja. Kikomo cha malipo kishushwe kwa muda, ili malipo makubwa yapite macho ya watu wawili wasio ndugu wala wateule wa mwanzilishi.

Siku hiyo hiyo, kabla ya yeyote kuambiwa kwamba kutakuwa na uchunguzi, zimeni mpangilio unaofuta barua pepe za zamani, chukueni nakala rudufu ya seva na ya programu ya hesabu, na nakala moja ikae nje ya ofisi, kwa wakili. Ndipo litoke agizo la maandishi kwa wafanyakazi: pasifutwe wala kuchanwa chochote, pamoja na ujumbe kwenye simu zao unaohusu kazi. Hapa mambo huharibika kwa wema. Msaidizi mwaminifu husafisha kompyuta ya bosi ili kumwepusha na aibu, na tangu hapo hata lililokuwa kosa dogo linaonekana njama.

Waliotoka nje ya chumba

Kikao cha dharura kiitishwe ndani ya saa 48 ikiwa katiba ya shirika inaruhusu. Isomeni kabla ya kukaa: notisi ni ya siku ngapi, akidi ni watu wangapi, kukutana kwa simu kunakubalika au la, kumsimamisha mjumbe kunataka kura ngapi. Uamuzi mzuri uliopita bila akidi ni zawadi kwa wakili wa upande wa pili. Mkikuta kipengele ambacho mwanzilishi alijiwekea, cha ujumbe wa maisha au kura ya turufu, msijifanye hamkukiona. Mwandikieni akubali kutoitumia haki hiyo mpaka uchunguzi uishe. Akikataa, kukataa kwake kuingie kwenye kumbukumbu.

Na kumbukumbu zenyewe ziandikwe mkijua kwamba msajili wa mashirika anaweza kuziomba. Kwa mfano hivi: “Saa 3:10 asubuhi mwenyekiti aliwataka wajumbe wataje maslahi yao. Mjumbe wa kwanza alisema ni shemeji wa mwanzilishi. Mjumbe wa pili alisema kampuni yake inalipwa na shirika kwa pango la ofisi. Wote wawili walitoka saa 3:15. Walibaki wajumbe 5; akidi ni 4; kikao kiliendelea.” Watu huona haya kumwambia mwenzao wa miaka kumi atoke nje. Lakini ni kutoka kwao kunakoufanya uamuzi wa waliobaki uaminike.

Tatizo kubwa ni pale ambapo wakitoka wenye maslahi, hakuna anayebaki. Central Asia Institute, shirika la Marekani la kujenga shule Pakistan na Afghanistan, lilikuwa na bodi ya watu watatu, na mwanzilishi wake Greg Mortenson alikuwa mmoja wao. Aprili 2011 tuhuma zilipotangazwa kwenye televisheni, juu ya ukweli wa simulizi zake na matumizi ya fedha, hapakuwa na bodi ya kumsimamia kwa maana halisi ya neno. Mwaka uliofuata ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Montana ndiyo iliyoamua badala yao: alitakiwa kulirudishia shirika zaidi ya dola milioni 1, asiwe mjumbe mwenye kura, asisimamie fedha, na bodi mpya iwe na watu wasiopungua saba. Hayo ya wajumbe saba na mipaka ya fedha bodi ingeweza kujiwekea yenyewe miaka mingi kabla, bila gharama yoyote.

Nusu kutoka

Kosa la kawaida kuliko yote ni kumwondoa mwanzilishi kwa vipande. Anaacha uenyekiti, anabaki mjumbe. Baadaye anaacha ujumbe, anabaki “mshauri”. Kila kipande ni kichwa kipya cha habari, na kila mara watu wanakumbushwa kashfa upya.

Tazama Livestrong, taasisi ya Marekani ya kusaidia wenye saratani. Mwendesha baiskeli Lance Armstrong aliianzisha mwaka 1997 ikibeba jina lake. Ripoti ya wakala wa kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni Marekani, iliyosema alizitumia, ilitoka tarehe 10 Oktoba 2012. Tarehe 17 aliacha uenyekiti, na siku ile ile Nike ikavunja mkataba naye. Ila alibaki kwenye bodi hadi Novemba alipoondoka kabisa, na mwezi huo shirika likaacha rasmi kutumia jina lake. Januari 2013 akakiri kwenye televisheni kwamba alizitumia dawa hizo. Nike, iliyokuwa imebaki na shirika lenyewe, Mei 2013 ikatangaza kwamba itaacha kutengeneza bidhaa za Livestrong. Miezi minane, na karibu kila mwezi na habari yake. Huenda kuondoka mara moja kusingezuia yote hayo, lakini kungepunguza mara ambazo shirika lilitajwa pamoja naye.

Kusimama kando kuandikwe kwenye barua moja, bila maneno laini: haingii ofisini, hatumii barua pepe ya shirika, hatii saini, hasemi na wafadhili wala wafanyakazi kuhusu suala hili, haonekani kwenye hafla za shirika. Barua itaje hadi lini, yaani mpaka bodi ipokee ripoti na kuitolea uamuzi, na iseme wazi kwamba hatua hii si hukumu. Kama ni mwajiriwa, kwa kawaida mshahara wake huendelea kulipwa katika kipindi hicho. Wachangiaji wengine watanung’unika. Wanung’unike, kesi ya kazi iliyoshindwa ni ghali zaidi.

Ada za wakili wake, hapana. Hata kidogo, hata kwa mkopo. Lakini angalieni kama shirika lina bima ya dhima ya wajumbe na viongozi, yaani inayolipia madai dhidi yao, na iarifuni kampuni ya bima mara moja kwa maandishi. Mikataba mingi ya bima hiyo inataka taarifa itolewe mapema, tangu kuna dalili ya madai, na kuchelewa kunaweza kuipoteza fidia yote. Kama bima inamhusu na mwanzilishi, hilo litaamuliwa na kampuni ya bima, si ninyi.

Uchunguzi ambao watu watauamini

Msimpe kazi hii wakili wenu wa siku zote. Yeye ndiye aliyeandika mkataba wa mwanzilishi. Wala msimpe mkaguzi wenu wa hesabu, kwa sababu hesabu zitakazochunguzwa ni zile zile alizozitilia saini.

Hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi ya mchunguzi, zisizidi kurasa mbili. Ziwe na maswali yanayojibika (“Je, kati ya tarehe hii na hii, fedha za shirika zililipia safari zisizo za shirika, na nani aliidhinisha?”), kipindi kinachochunguzwa, muda wa kazi, ukomo wa gharama, na kamati ya watu watatu wasiofungamana na mtuhumiwa watakaoipokea ripoti. Muda wa wiki 8 hadi 12 unatosha kwa suala la fedha katika shirika la kati. Masuala ya unyanyasaji huchukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa watu hawajitokezi kwa ratiba. Kuna kipengele kimoja cha kuamuliwa kabla ya kazi kuanza, maana baadaye hakuna atakayekuwa na ujasiri: kipi kitachapishwa. Muhtasari wa matokeo uchapishwe bila kujali yanasemaje. Mkisubiri kuyaona kwanza, mtapata sababu mia za kuyaficha.

Walalamikaji wapewe mtu wa kuzungumza naye asiye mfanyakazi wa shirika, na gharama zao za ushauri nasaha zilipwe. Wasilazimishwe kutia saini mkataba wa kunyamaza. Kama kuna jinai, wachunguzi wenu wasiwahoji mashahidi kabla ya kushauriana na polisi.

Mfano ninaouheshimu ni wa L’Arche, jumuiya za watu wenye ulemavu wa akili na wasio na ulemavu huo wanaoishi pamoja, zilizoanzishwa na Jean Vanier nchini Ufaransa mwaka 1964. Mwanzilishi alikuwa akisifiwa dunia nzima. Mwaka 2019, mwaka aliofariki, L’Arche yenyewe iliwapa kazi ya uchunguzi watu wa nje, na Februari 2020 ikatangaza matokeo: alikuwa amewanyanyasa kingono wanawake sita. Haikuishia hapo. Ikaunda tume ya watafiti, na ripoti yao ya Januari 2023 ikataja wanawake wasiopungua 25. Habari mbaya kuliko zote kuhusu L’Arche ilitoka kwa L’Arche. Jumuiya zake zinaendelea kufanya kazi hadi leo.

Taarifa yenyewe

Sasa ndipo mnaandika. Sentensi tano zinatosha:

“Tarehe 4 tulipokea tuhuma nzito kuhusu mwanzilishi wetu. Bodi imemtaka asimame kando, na amefanya hivyo; fulani anakaimu. Mchunguzi wa nje ataanza kazi wiki ijayo na tutachapisha muhtasari wa matokeo ifikapo tarehe 30 mwezi wa tatu kuanzia sasa. Mwenye taarifa yoyote awasiliane na namba hii, ambayo haipokelewi na mtu wa shirika. Huduma zinaendelea, na fedha zilizotengwa kwa kazi maalumu zipo kwenye akaunti zake.”

Angalia kisichomo. Hakuna “tumeshtushwa”, neno linalomfanya msomaji aulize mbona ninyi tu hamkujua. Hakuna “tuhuma zisizo na msingi”. Hakuna orodha ya mema aliyoyafanya. Na sentensi ya mwisho isitoke kama mweka hazina hajaikagua siku hiyo, fungu kwa fungu. Aandae ukurasa mmoja: kila fedha yenye masharti, kiasi kilichopokelewa, kilichotumika, kilichobaki, na akaunti ilimo. Shirika linaloyumba mara nyingi huwa limekopa kimyakimya kutoka fedha za mradi mmoja kulipia mwingine. Kama mmekuta hivyo, ifuteni sentensi hiyo, na mwiteni wakili jioni ile ile.

Mpangilio wa kuarifu ni wajumbe, wafanyakazi, msajili au mdhibiti, wafadhili wakubwa kwa simu, kisha umma. Yote yaishe ndani ya saa chache, la sivyo itavuja. Wafanyakazi wapate angalau saa moja kabla ya umma, kwa kuwa anayepokea simu mapokezi ndiye atakayeulizwa kwanza, na akisema “hata sisi tumesoma mtandaoni” mmeshapoteza siku nzima. Mpeni mstari mmoja wa kusema na namba moja ya kumwelekeza mpigaji.

Wafadhili wakubwa watauliza maswali matatu: mwanzilishi bado anagusa fedha? pesa yetu iko wapi? lini mtajua? Mkiwa na majibu ya maandishi, wengi watasimamisha malipo yajayo badala ya kukata kabisa, na huo ni ushindi. Mchangiaji mdogo anayetaka kuacha mchango wake wa kila mwezi aachiwe siku hiyo hiyo, bila kubembelezwa. Anayezungushwa hurudi kusimulia alivyozungushwa. Aliyeachiwa vizuri huenda akarudi. Kurudisha michango iliyokwisha kupokelewa ni suala jingine, kwa sababu katika nchi nyingi mchango ukishatolewa ni mali ya lengo lake, na bodi haina uhuru wa kuugawa upya. Msiahidi kabla ya kuuliza.

Tuhuma zikiwa si za kweli

Wanaoandika juu ya mambo haya huzungumza kana kwamba tuhuma zote ni za kweli. Kids Company, shirika la Uingereza la kuhudumia watoto lililoanzishwa na Camila Batmanghelidjh mwaka 1996, lilifunga milango Agosti 2015, siku chache baada ya kutangazwa kwa madai ya unyanyasaji. Januari 2016 polisi walimaliza uchunguzi wao bila kupata ushahidi wa jinai. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuwazuia wajumbe wake wa bodi wasiongoze tena kampuni, na jaji akasema kwamba kama si madai yale yasiyo na msingi, huenda mpango wa kulinusuru shirika ungefaulu. Lakini shirika lile liliendeshwa miaka mingi likiwa na akiba ndogo mno, na wachangiaji walipositasita kwa siku chache tu, halikuwa na pumzi.

Uchunguzi wa haki huchukua miezi, na mishahara haisubiri miezi. Akiba ndiyo inayowapa muda wa kuujua ukweli. Hesabuni yale tu yasiyokatika: mishahara, pango, huduma ambazo zikisimama mtu ataumia. Yakiwa milioni 12 kwa mwezi, miezi sita ni milioni 72, zikae kwenye akaunti yake na zisiguswe bila kura ya bodi. Ni lengo la miaka mitatu au minne ya kuweka kidogokidogo, na linaanzwa wakati mwanzilishi bado anapigiwa makofi.

Akisafishwa, matokeo yatangazwe kwa uzito ule ule wa tangazo la kwanza, mahali pale pale kwenye tovuti, si kwa mstari mmoja chini ya ukurasa. Anaweza kurudi, ila si kwenye uenyekiti na utendaji kwa pamoja. Asiposafishwa, msiifute picha yake usiku na kujifanya hakuwahi kuwepo. Nakala za kurasa za zamani zipo, na kufuta huonekana. Ukurasa wa historia useme alianzisha shirika mwaka gani, aliondoka mwaka gani na kwa nini, na ripoti inapatikana wapi.

Kuhusu ile tarehe 30 mliyoitangaza. Ikifika na mchunguzi hajamaliza, jambo linalotokea mara nyingi, toeni taarifa siku hiyo hiyo kabla ya saa sita mchana, hata kama ni ya mistari miwili: haujaisha, sababu ni hii, tarehe mpya ni hii.